Prosesa za majaribio na bei zake chee

Wanaouliza prosesa ni nini watasubiri toleo jingine. Leo najibu barua za walioziona mtandaoni zikiuzwa nusu bei, au ambao wameshatoa pesa.

*Nimenunua Xeon, juu imeandikwa INTEL CONFIDENTIAL. Ni feki?*

Si feki. Imetoka Intel kweli, ila ni sampuli ya kihandisi: haikutoka ili iuzwe.

*Je, si sawa na ya dukani, isipokuwa haina jina? Mwingine: muuzaji anasema ni bora zaidi kwa kuwa wahandisi hujichagulia nzuri. Wengine watatu wameuliza hayohayo.*

Huyo muuzaji natamani nimpate. Sampuli ya kihandisi si kitu kimoja. Usanifu wa prosesa ukikamilika, kiwanda hutoa silikoni ya kwanza, ambayo kwa kawaida huitwa A0. Wahandisi huiwasha maabara na kuisaka makosa, na makosa hayakosekani. Yanayozibika kwa maikrokodi huzibwa; yaliyobaki husubiri silikoni mpya, labda A1, labda B0. Wakati huohuo watengenezaji wa madabodi wanahitaji chipu ya kuandikia BIOS na kupimia umeme na joto, basi huazimwa sampuli. Za mwanzo mara nyingi huenda kwa kasi ndogo, na baadhi ya viini vyake huenda vimezimwa. Za mwisho, ambazo wateja wakubwa huzihakiki kabla ya kuagiza mzigo, hukaribia sana bidhaa yenyewe. Muuzaji huchukua sifa za hizi za mwisho akakuuzia ya mwanzo.

Habari ya ubora imetoka wapi? Baadhi ya sampuli za zamani hazikufungwa kasi, na wapenda kuongeza kasi wakazigombania. Ziliachwa wazi ili mhandisi ajaribu kasi mbalimbali, basi. Halafu fikirini: kosa la kugawanya namba kwenye Pentium lilipenya hatua zote hizi likafika madukani, na likaja kuigharimu Intel dola milioni 475 baada ya kujulikana mwaka 1994. Phenom ya AMD nayo iliuzwa mwaka 2007 ikiwa na kasoro ya TLB, ikarekebishwa kwa silikoni ya B3 mwaka 2008. Ikiwa hizo zilizomaliza uchunguzi zilikuwa hivyo, A0 unaitegemea kwa lipi?

*Nitaitambuaje kabla ya kulipa?*

Dai picha ya sehemu ya juu. Intel ya dukani ina kodi ya herufi na tarakimu tano inayoanza na S; sampuli huwa na nne, ya kwanza Q. Ikishawashwa, sampuli nyingi hujitaja "Genuine Intel CPU 0000", na za AMD "AMD Eng Sample". Muuzaji akificha picha, mwache na mzigo wake.

*Fundi alisasisha BIOS, sasa mashine haiwaki. Anataka kubadilisha kapasita.*

Mnyang'anye pasi ya kulehemu. BIOS hubeba maikrokodi kwa kila toleo la silikoni, na za sampuli mara nyingi huondolewa katika matoleo mapya. Rudisha BIOS ya zamani. Madabodi isiporuhusu, tafuta mwenye kifaa cha kuandika chipu ya BIOS moja kwa moja. Kapasita hazina kosa.

*Dhamana?*

Hakuna. Intel inasema sampuli hizo hubaki mali yake, imeziazima tu. Aliyekuuzia hakuwa na haki ya kuuza.

*Tunafunga seva ya SACCOS yetu, bajeti ndogo. Sampuli mbili za Xeon zitatufaa?*

Dada yangu, usithubutu. Udhaifu wa Spectre na Meltdown ulipotangazwa Januari 2018, maikrokodi za kuukabili zilitengenezwa kwa prosesa zilizouzwa kihalali. Mwenye sampuli hana wa kumdai. Akiba za wanachama mziweke humo? Nunueni Xeon iliyotumika, ya kizazi cha nyuma, yenye kodi ya S.

*Na ya kuchezea gemu nyumbani?*

Kama kodi unaijua, umeona ikiwaka kwenye madabodi kama yako, na hiyo pesa ikipotea hutalala njaa, haya.