Kuuza Baiskeli ili Kuezeka Nyumba

Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja: huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma mwezi wa Aprili. Hivyo Oktoba ndio mwezi ambao mwenye paa bovu hutazama juu, kisha huikumbuka baiskeli aliyoitunza miaka mingi.

Tunamshauri mlaji asiuze mwezi huo, akiweza. Akiba ya mavuno imekwisha kupungua, fedha ni haba kuanzia Bahi hadi Kongwa, na mnunuzi hutambua upesi kwamba muuzaji ana haraka. Baiskeli hiyo hiyo ikipelekwa mnadani Juni au Julai, wakati mtama na alizeti vimeanza kuuzwa, hukutana na watu wenye fedha mkononi. Bati linaweza kununuliwa wakati huo na kusubiri stoo pakavu.

Lakini kabla ya kutaja bei, ipimwe kazi ya baiskeli yenyewe. Ile inayobeba madumu ya maji kila asubuhi ikiondoka, maji yatalipiwa au yatabebwa kichwani, na mara nyingi kichwa hicho ni cha mtoto wa shule. Gharama hiyo ihesabiwe kwa miezi sita, kisha ilinganishwe na bei inayotolewa. Kama nyumbani kuna baiskeli mbili, iuzwe ile isiyo na kazi, hata kama ndiyo inayopendwa zaidi.

Raleigh ya zamani iliyotengenezwa Nottingham, Uingereza, isipakwe rangi mpya ili ipendeze. Mkusanyaji wa vitu vya kale hulipia rangi ya awali, tandiko la ngozi la Brooks na gia za Sturmey-Archer. Mnunuzi wa vipuri huona fremu na rimu tu, na hulipa kwa kadiri hiyo.

Ikiwa baiskeli iliachwa na marehemu, warithi waulizwe kwanza. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, kwa kawaida muuzaji hawezi kumpa mnunuzi haki ambayo yeye mwenyewe hana. Mauziano yaandikwe: bei, tarehe, nambari iliyogongwa kwenye fremu, majina ya pande zote mbili na mashahidi. Malipo yakifanywa kwa simu, muuzaji asitegemee ujumbe anaoonyeshwa na mnunuzi. Aangalie salio lake mwenyewe kabla ya kuachia usukani.

Fedha ikishapatikana, hatari huhamia dukani. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, ingawa nambari yake ni ndogo, na macho hayatofautishi kwa urahisi. Mlaji adai stakabadhi inayotaja geji, urefu na idadi ya mabati, ayapime kabla ya kuyapakia, na aitunze stakabadhi hiyo mpaka mvua za kwanza zipite. Akibaini kuwa ameuziwa geji isiyo yake, hiyo ndiyo karatasi atakayoipeleka Tume ya Ushindani.