Mama Mjamzito na Dawa Zake za Kila Siku



Somo la leo linatoka hapa hapa Baba Dogo, kwenye ploti zetu. Tuseme mama mmoja amekuwa na presha kwa miaka minne. Kila asubuhi anameza tembe yake kabla ya kwenda kufulia watu nguo au kutafuta kibarua kiwandani. Anapogundua ana mimba, jirani anamwambia, "Wacha hizo dawa, zitaharibu mtoto." Anaziacha. Kwa vile hasikii uchungu wowote, anaona yuko sawa. Mwezi wa saba kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu, uso umevimba. Ndipo watu wa ploti wanachanga pesa ya teksi usiku kumkimbiza Pumwani.

Sasa, jirani hakusema uwongo mtupu. Hapo ndipo pagumu. Ziko dawa za presha, kama enalapril na losartan, ambazo huumiza figo za mtoto aliye tumboni. Lakini presha isiyotibiwa nayo inaweza kuua mama na mtoto. Jibu si kuacha, ni kubadilishiwa. Kliniki ina dawa kama methyldopa na nifedipine ambazo waja wazito wamezitumia miaka mingi. Kwa hivyo mama akikosa hedhi, aende wiki hiyo hiyo, na abebe dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na za kemisti na za mitishamba, amwonyeshe daktari. Asingoje tumbo lionekane. Viungo vya mtoto huumbwa miezi mitatu ya kwanza, na sisi wengi tumezoea kuanza kliniki mwezi wa tano.

Kifafa kinataka kutangulia zaidi. Dawa iitwayo valproate, ambayo wengi wanaijua kama Epilim, ina hatari kubwa kwa mimba. Katika watoto 100 ambao mama zao waliitumia, karibu 10 huzaliwa na kilema, na 30 hadi 40 huchelewa kukua au kujifunza. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wasichana na wanawake wanaoweza kupata mimba wasiandikiwe dawa hiyo. Ukiwa na binti anayeitumia, mpeleke aulizie dawa nyingine sasa, kabla ya kuolewa. Pia aulize kuhusu tembe za folic acid, ambazo huanzwa kabla ya mimba. Lakini asiiache ghafla! Kifafa kikirudi kwa nguvu anaweza kuanguka kwenye jiko, au kufa.

Mwenye sukari naye aende mapema, kwa kuwa sukari ikiwa juu wiki za kwanza mtoto huumbika vibaya. Mara nyingi huwekwa kwenye insulini. Mwenye pumu aendelee na inhela yake, maana mama akikosa pumzi mtoto pia anakosa. Na anayetumia ARV asikose hata siku moja, wakati wa mimba na wa kunyonyesha. Bila dawa, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa. Mama akizimeza vizuri, hawafiki 5.

Kuna jambo ambalo sisi watu wa kanisa hatupendi kulisema. Wako wahubiri wanaowaambia akina mama watupe dawa ili waonyeshe imani. Tunaomba, ndiyo, na tunaendelea kuomba. Lakini hakuna mahali Bwana alipomkemea mgonjwa kwa sababu ya kumeza dawa, na Luka mwenyewe alikuwa tabibu.

Chama kinaweza kufanya nini? Kwanza, tengeni kitu kidogo katika mchango wa kila wiki kwa ajili ya nauli na dawa za waja wazito. Nauli ya kliniki ni nafuu kuliko teksi ya usiku. Lakini katibu aandike "msaada wa kliniki" tu. Ugonjwa wa mtu usiingie kwenye kitabu cha chama, sana sana ARV, kwa maana mama akisikia amesemwa hatarudi mkutanoni, na pengine hatarudi kliniki. Pili, tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye kipimo cha presha na cha sukari. Mwalikeni wenu siku ya mkutano. Mama mjamzito akipimwa 140 kwa 90 au zaidi, asiambiwe akapumzike nyumbani. Aende kituo cha afya siku hiyo. Na wote muwe mmejiandikisha SHA, maana ile kadi ya NHIF haifanyi kazi tena tangu Oktoba 2024.

Kabla ya kufunga mkutano, zungumzeni haya: Ni nani kati yetu anayemeza dawa kila siku na bado anatarajia kuzaa? Hahitaji kujitaja. Mwenyekiti aseme ni siku gani kliniki hupokea, na ni mama gani wawili walio tayari kumsindikiza yeyote atakayewaendea kando. Akina baba nao waulizwe: mkeo akienda kliniki, unajua ni dawa gani anazobeba?