Neno moja la Kiingereza, maana tatu: namna ya kulishika

Mtoto anayetoka shule ya msingi ya Serikali hapa Nakwa amesoma hisabati na sayansi kwa Kiswahili, na kwa wengi Kiswahili chenyewe kimekuja baada ya Kigorowa au Kiiraqw. Akiingia kidato cha kwanza, masomo yanageuka Kiingereza. Yanayomwangusha si maneno marefu. Ni yale mafupi anayodhani anayajua.

Chukua "cell". Kwenye baiolojia ni seli, kwenye fizikia ni betri ya tochi, kwa polisi ni chumba cha mahabusu. Asili ni moja: cella ya Kilatini, yaani chumba kidogo. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha alichokiona kwa hadubini kwenye kipande cha gome la mti la kutengenezea vizibo: vijumba vilivyopangana, akavipa jina hilo. Ukishika picha ya chumba, maana zote zinakaa.

"Mean" usilitafutie undugu. Lenye maana ya wastani lilipitia Kifaransa kutoka neno la Kilatini la katikati. La kumaanisha na la uchoyo ni ya Kiingereza cha kale, kila moja na mzizi wake. Yamekutana kwenye tahajia na matamshi tu. Kamusi kubwa za Kiingereza huonyesha jambo hili: maneno ya asili tofauti hupewa vidahizo tofauti, kila kimoja na namba yake ndogo. Angalia namba hiyo kwanza.

Lakini kabla ya kamusi, tazama majirani wa neno. Sisi tukisikia "kaa hili" na "kaa huyu", ngeli imeshatuambia lipi ni la moto na yupi ni wa baharini. Kiingereza hakina ngeli, kinategemea nafasi. "The mean" ni wastani, "they mean" ni wanamaanisha, "a mean man" ni mtu mchoyo.

Daftarini usiandike neno na tafsiri yake pekee. Andika sentensi nzima ya mwalimu, na jina la somo pembeni. Aliyeandika kwamba "work" ni kazi, basi, atakosa swali la fizikia: ukisukuma ukuta usiosogea mpaka jasho likutoke, "work" uliyoifanyia ukuta ni sifuri.

Mzazi usiyejua Kiingereza, nawe unaweza kusaidia. Jioni mwambie mtoto achague sentensi moja daftarini akueleze kwa Kiswahili. Akikwama, aiwekee alama na kesho amuulize mwalimu.