Moto wa Jua: Mbegu na Mavuno Yake



Sehemu ya umeme wa pwani yetu hutoka Kipevu, upande wa Changamwe, kwa kuchoma mafuta mazito yaletwayo na meli. Mtambo wa Kipevu III, ulioanza kazi mwaka 2011, una nguvu ya megawati 120. Mafuta yakipanda bei ng'ambo, wewe utumiaye stima kuvuta maji huona katika bili yako. Kwa hiyo yafaa ujue habari za moto mwingine unaotafutwa na mataifa makubwa, ambao kuni zake zimo baharini, hata katika maji ya Likoni.

MOTO HUO NI NINI?

Jua haliwaki kwa kuni. Ndani yake chembe ndogo mno za haidrojeni hugongana, zikaungana, zikatoa joto kuu. Wataalamu wataka kufanya vivyo hivyo duniani kwa haidrojeni nzito. Katika meta moja ya ujazo ya maji ya bahari mna gramu 33 hivi za haidrojeni hiyo. Huchanganywa na aina nyingine, tritiamu, ambayo ni adimu sana. Itabidi itengenezwe mtamboni kwa madini ya lithiamu. Joto likipatikana litachemsha maji, na mvuke utazungusha mashine za umeme, kama ufanyavyo mvuke wa ardhini kule Olkaria.

Taabu ni chungu cha kupikia. Kazi hiyo yataka joto la nyuzi milioni 150, na hakuna chungu kinachoweza kulistahimili. Basi moto huo huzuiwa kwa nguvu za sumaku usiguse kuta.

HESABU YA MBEGU NA MAVUNO

1. Mwaka 1997 mtambo wa JET, Uingereza, ulitoa megawati 16, lakini ulitiwa joto la megawati 24. Ni kama kupanda debe 24 ukavuna 16.

2. Desemba 2022, katika maabara ya Livermore, Marekani, miali ya leza ya megajuli 2.05 ilizaa megajuli 3.15. Watu walishangilia, na ilikuwa haki yao. Lakini mashine za leza zenyewe zilikula umeme wa megajuli 300 hivi. Mkulima ahesabuye mbegu peke yake, akasahau trekta, mbolea na vibarua, hujidanganya kwamba amepata faida.

3. Nchi za Ulaya, China, India, Japani, Korea Kusini, Marekani na Urusi zajenga pamoja mtambo wa ITER huko Cadarache, Ufaransa. Lengo ni kutoa megawati 500 kwa kutia megawati 50 za joto. Ratiba iliyotangazwa mwaka 2024 yasema majaribio yataanza mwaka 2034, na mchanganyiko wenye tritiamu mwaka 2039. Nao hautauza umeme. Ni shamba la majaribio tu.

USICHANGANYE MAMBO

Mitambo ya nyuklia itoayo umeme leo hupasua chembe za urani, haiunganishi. Mtambo uliopingwa na watu wa Uyombo, Kilifi, mwaka 2024, ulikuwa wa kupasua. Moto wa kuunganisha ukivurugika huzimika wenyewe. Hata hivyo si safi kabisa: tritiamu na kuta za mtambo hutoa miali ya hatari, nazo zataka ulinzi.

LA KUFANYA

Usiahirishe kazi ya shamba kwa kungoja umeme huu. Kama pampu ya jua au kisima chakufaa sasa, kitengeneze sasa. Na mtu akija barazani kusema kwamba umeme wa bahari u karibu, au akikutaka utoe fedha kwa ajili yake, muulize maswali haya:

(a) Je, ni wa kupasua au wa kuunganisha?
(b) Je, umehesabu gharama zote, au mbegu tu?
(c) Ni mtambo gani ambao tayari unauza umeme huo?

Asiyeweza kujibu, mwambie arudi akiwa na hesabu kamili.