Kutoka Waberi hadi Kipini: Uchafuzi wa Nini, Utokanao na Nini?

Istilahi isiyopimwa hupotosha maarifa. Katika "uchafuzi wa maji" au "uchafuzi wa hewa", nomino inayofuata a-unganifu hutaja kinachochafuliwa. Kwa mantiki hiyo, asikiaye "uchafuzi wa virutubishi" atadhani virutubishi ndivyo vilivyochafuliwa, ilhali ndivyo vinavyochafua.

Mto Tana ni mfano mwafaka. Mto huu huanzia Nyandarua na Mlima Kenya, hupita Garissa, mji wenye wadi ya Waberi, kisha humwaga maji katika Ghuba ya Ungwana, huko Kipini. Naitrojeni na fosforasi za mbolea na majitaka huweza kusafiri nao. Zikizidi mlangoni mwa mto, mwani hustawi kupita kiasi. Ukifa, bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni ya majini, na samaki hukosa pumzi. Hata hivyo, zikiwa za kadiri hustawisha vijimea vinavyowalisha viumbe wa bahari. Tatizo, basi, ni wingi wake, si kuwapo kwake.

Ndiyo maana mtafiti hapimi ukolezi pekee. Huuzidisha kwa kiasi cha maji yapitayo ili apate mzigo unaobebwa. Wala kipimo cha Garissa hakitoshi kuielezea Kipini, ambako bahari hujaa na kupwa.

Inapendekezwa isemwe "uchafuzi wa maji utokanao na wingi wa virutubishi". Istilahi hiyo ni ndefu, lakini humbainishia mkazi wa Waberi na mvuvi wa Kipini kichafuliwacho, kichafuzi na kiwango.