Dondoo muhimu: Sparta, jeshi kali na hazina ndogo

Kampeni kuu ya mchezo wa kompyuta Total War: Rome II huanza mwaka 272 KK. Ukichagua Sparta, una askari wa miguu wa kuogopwa, lakini fedha ni za kubana. Hatari kubwa ni kukaa tu. Jeshi hulipwa kila zamu, lipigane lisipigane, kwa hiyo mshambulie jirani dhaifu mapema, kabla akiba haijakauka.

Ukiteka mji, tulia kabla ya kubofya chaguo la kuukalia au kuupora. Unaotaka kuukalia, hasa wenye bandari, usiupore: uharibifu utaulipia wewe mwenyewe. Usioweza kuulinda, upore uondoke. Jeshi lisilo na kazi liweke katika hali ya uporaji ndani ya ardhi ya adui, lijitafutie riziki.

Hopliti wazuri, yaani hao askari wako wa miguu, wana thamani kuliko mji mdogo. Usiwaache wapigwe ubavuni. Walinde kwa wapanda farasi au warusha mikuki. Kikosi kikipungua, usikivunje uajiri kingine. Kirudishe nyumbani, kitajijaza chenyewe bila malipo.

Na kila zamu chache fungua ukurasa wa diplomasia, uombe mikataba ya biashara.