Pwani Haina Mlango, Lakini Ina Wenyewe: Adabu Zetu Tunapokwenda Nungwi



Kijana mwenzangu, sikukuu zikifika, vijana wengi wa parokia zetu hapa Unguja hupanga mandari, na mara nyingi safari huwa ni Nungwi, ncha ya kaskazini ya kisiwa. Ni sawa kabisa. Kufurahi pamoja baada ya Misa si dhambi. Ila kabla hatujapanda gari, tukae kidogo na somo hili.

Soma kwanza: Lk 5:1-11 na Rum 14:13-19.

Kisa chetu

Jumatatu moja ya Pasaka tulikodi gari tukaenda Nungwi. Wanaopajua wanajua kwa nini: bahari ya kule haikupwi mbali kama Paje au Jambiani, kwa hiyo unaweza kuogelea karibu muda wote. Tulipofika tukashusha masufuria na spika, tukaanza kutafuta uwanja wa mpira. Mchanga mzuri ulikuwepo, ila palikuwa na nyavu zimeanikwa. Basi tukazivuta kando. Hatukumuuliza mtu. Kwani pwani si ya wote?

Kumbe wavu mmoja ulinasa kwenye gogo. Tulipouvuta, ukachanika.

Pembeni kulikuwa na mzee akipiga kalafati jahazi. Nungwi ni kijiji cha mafundi wa majahazi, na kazi hiyo hufanyika pale pale mchangani. Mzee akaweka nyundo chini, akaja taratibu. Hakugomba. Alisema tu, "Wanangu, karibuni. Pwani hii haina mlango, lakini ina wenyewe. Mngepiga hodi, tungewaonyesha pa kuchezea."

Mwenye wavu alipoitwa, alikaa chini kuushona mpaka jua likazama. Usiku ule hakwenda baharini. Sisi mandari yetu iliharibika kidogo tu, lakini yeye alikosa riziki ya siku nzima.

Injili inatufundisha nini?

Rudi kwenye Luka 5. Wavuvi wametoka kukesha bila kupata kitu, nao wanaosha nyavu zao. Yesu anakuja na umati nyuma yake. Anahitaji mahali pa kufundishia, akaingia katika chombo cha Simoni. Sasa tazama aya ya 3: anamwomba Simoni akisogeze kidogo kutoka nchi kavu. Bwana wa bahari na nchi kavu anamwomba mvuvi! Hakusema, "Bahari ni yangu, pisha." Aliheshimu chombo cha mtu, kazi yake na uchovu wake.

Hapo ndipo penye somo letu. Ufuko tunaouona sisi kama mahali pa starehe, kwa mwingine ni kazini na ni nyumbani. Adabu ya pwani ni upendo wa jirani ukiwa umevaa kandambili.

Tufanye nini basi?

*1. Piga hodi.* Salimia kabla ya kutandika mkeka. "Shikamoo mzee, tunaomba kukaa hapa" haigharimu hata shilingi. Usikalie ngalawa ya mtu, usianike taulo kwenye jahazi linalojengwa, usiguse wavu.

*2. Vaa kwa kujali.* Nguo ya kuogelea ina mahali pake, nayo ni majini. Ukitoka kwenda dukani au kupita kijijini, jifunge kanga au kikoi, funika mabega na magoti. Na nyinyi kaka zangu msijifanye hamjasikia: kupita kifua wazi mbele ya nyumba za watu ni vile vile. Katekisimu (na. 2524) inaeleza kwamba namna za kuonyesha staha hutofautiana kati ya utamaduni na utamaduni. Kwa hiyo usiulize tu, "Mimi naona vibaya?" Uliza pia, "Mwenyeji wangu anaonaje?" Ndivyo Mtume Paulo anavyotufundisha katika Rum 14: uhuru wangu usimkwaze ndugu yangu.

*3. Punguza sauti.* Nungwi ni kijiji cha Waislamu. Adhana ikisikika, zima spika. Mwezi wa Ramadhani, usile wala kunywa hadharani mchana. Sisi Wakatoliki tunajua ukarimu wa kisiwa hiki: wamisionari wetu walifika Unguja mwaka 1860, na leo kengele za Minara Miwili pale Shangani husikika jirani na misikiti. Ujirani huo tumerithi, tusiuharibu kwa spika.

*4. Omba kabla ya kupiga picha.* Kina mama wanaotanda dagaa wako kazini, na watoto wanaocheza wana wazazi. Akikataa, shukuru, uweke simu mfukoni.

*5. Waache viumbe, ondoka na taka.* Kiti cha pweza si pambo la picha. Ukimtoa majini unamuumiza. Kasa naye anaweza kumeza mfuko wa plastiki akidhani ni chakula. Wanakijiji wa Nungwi walianzisha hifadhi ya kasa pale Mnarani mwaka 1993, na sisi tusiwe wa kubomoa wanachojenga. Baba Mtakatifu Fransisko, katika *Laudato Si'* ya mwaka 2015, aliiita dunia nyumba yetu sote. Nyumbani hatutupi taka sebuleni.

Na ukishakosea?

Sisi tulikosea. Tulimwomba msamaha mwenye wavu, tukachanga pesa kidogo tulizokuwa nazo, na wawili wetu wakakaa kumshikia wavu akishona. Kusema "samahani" ni mwanzo tu. Kitubio kinatufundisha kwamba aliyemdhuru mwenzake hujitahidi pia kufidia. Tulipoondoka, yule mvuvi alitupungia mkono. Mwaka uliofuata tulirudi, tukaanza na hodi.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Je, kuna mahali ninapopita kama pangu peke yangu, kumbe ni kazini kwa mtu?
2. Mwenyeji asiye Mkristo akinitazama ufukweni, ataona nini cha Kristo ndani yangu?
3. Kuna wavu wa nani nilioupasua na sijaurudia?

Azimio la wiki: Popote nitakapofika wiki hii, nitasalimia kwanza na kuomba ruhusa.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyetembea ufukoni na kuwaheshimu wavuvi, utufundishe kuwa wageni wema. Furaha yetu isiwe machozi ya mtu mwingine. Utulinde majini na njiani, uwabariki wanaokesha baharini kutafuta riziki. Amina.

Maria, Nyota ya Bahari, utuombee.